Duke, Uchawi na Busu la Sura ya Hamsini

Katika makundi ya wasomaji ya WhatsApp na Facebook kuna aina ya riwaya isiyopita bila ubishi. Mmoja anaisifia: ina duke (kabaila wa cheo cha juu) mkimya anayekaa kwenye kasri la nchi ya theluji, ina binti wa ukoo uliofilisika, ina uchawi, na wawili hao hawashikani hata mikono mpaka kitabu kifike katikati. Mwenzake anajibu kwamba ameshasoma kurasa mia tatu na hajaona busu. Mzazi anauliza kama kitabu hicho kinamfaa binti yake wa miaka kumi na minne, kwa kuwa jalada lina joka na maua. Na hakosi wa kuhoji inakuwaje mtu mzima wa Mwanza au Mombasa akeshe na mapenzi ya makabaila wa Ulaya ambao hata hawakuwahi kuzaliwa.

Ubishi hauishi kwa sababu riwaya hizi zimeungwa kwa vitu vinne, na kila msemaji anashika kimoja.

Cha kwanza ni mapenzi. Hadithi kuu ni ya watu wawili, na mwandishi ameahidi kwamba mwishoni watakuwa pamoja. Akiivunja ahadi hiyo, wasomaji wa aina hii huona wametapeliwa. Cha pili ni fantasia: ulimwengu wa kubuni wenye majoka, laana za ukoo, au viapo vinavyomuua anayevivunja. Cha tatu ni ukabaila, yaani mfumo ambao ardhi, cheo na amri juu ya watu hurithiwa kwa damu. Katika ngazi ya Uingereza, ambayo riwaya nyingi huiazima, duke ndiye wa juu kabisa chini ya familia ya mfalme, akifuatiwa na marquess, earl, viscount na baron. Cha nne ndicho kinacholeta kelele: upolepole. Wawili hukutana mapema, mara nyingi wakichukiana au wakiwa wamefungwa na ndoa ya mkataba, kisha hisia zao zinakua hatua kwa hatua kitabu kizima, pengine hata vitabu vitatu.

Kabla ya kwenda mbali, kuna dhana moja ya kuondoa kwa kuwa inawagusa wazazi. Wengi huamini kwamba mapenzi ya polepole ndiyo mapenzi yasiyo na mambo ya chumbani. Sivyo. Riwaya inaweza kumkawiza msomaji sura arobaini, halafu ya arobaini na moja ikaeleza kitanda bila kuficha kitu. Zipo nyingine ambazo mlango hufungwa na msomaji akabaki nje. Joka kwenye jalada halisemi lolote kuhusu hilo. Mfululizo mmoja maarufu wa Marekani ulioanza mwaka 2015 ulipangwa kwanza kwenye rafu za vijana, na baadaye ukatolewa upya, kwa majalada mapya, kwa ajili ya watu wazima. Mzazi anayetaka jibu amuulize aliyekisoma kitabu, au akifungue mwenyewe kuanzia theluthi ya mwisho.

Kutoka sura ya 34 hadi ya 58

Ukitaka kuona upolepole unavyofanya kazi, njia fupi ni kurudi kwenye kitabu kisicho na uchawi wowote. Mwingereza Jane Austen alichapisha riwaya ya Pride and Prejudice mwaka 1813, na kina sura 61. Mhusika wake mkuu wa kiume, Bwana Darcy, anamposa Elizabeth, mhusika mkuu wa kike, kwa mara ya kwanza kwenye sura ya 34. Anamposa kwa majivuno, huku akimkumbusha jinsi jamaa zake walivyo wa hali ya chini, na anakataliwa bila kurembewa maneno. Anakuja kukubaliwa sura ya 58.

Kati ya posa hizo mbili hakuna vita wala mtu kutekwa. Kuna barua ambayo Darcy anampa siku ya pili yake. Kuna ziara ya nyumbani kwa Darcy, wakati Elizabeth anaamini mwenyewe hayupo, ambapo mtunza nyumba anamweleza habari za bwana wake tofauti kabisa na alivyomdhania. Kuna mdogo wake Elizabeth anayetoroka na mwanamume mwongo, na Darcy anayeisitiri aibu hiyo kwa siri na kwa fedha zake. Kila tukio linamlazimisha mmoja wao kuachana na jambo alilokuwa ameliamini. Elizabeth anagundua kwamba alisikiliza upande mmoja tu kwa sababu upande huo ulimfurahisha. Darcy anagundua kwamba malezi ya kitajiri hayakumfundisha adabu.

Kwa hiyo muda wote ule una kazi. Watu wale wawili, kama walivyokuwa sura ya tano, wasingeweza kupendana vizuri hata wangetaka.

Halafu kuna mali. Shamba la baba yake Elizabeth limefungwa na masharti ya urithi: mabinti hawalipati, linakwenda kwa jamaa wa kiume. Mzee akifa, mjane na mabinti watano hawana nyumba. Baba ana mapato ya pauni 2,000 kwa mwaka, Darcy ana pauni 10,000. Msomaji anajua hasa uzito wa kile ambacho Elizabeth anakikataa. Vilevile mwanamke wa Uingereza wa wakati huo akiolewa, fedha na vitu vyake viliingia mikononi mwa mume. Sheria za mwaka 1870 na 1882 ndizo zilizombadilishia hali. Kukubali posa kulikuwa kumkabidhi mtu maisha, na aliyekosea hakuwa na pa kurudia. Ukishajua hayo, kusita kwa mwanamke hakuchoshi tena. Kunatisha.

Hiki ndicho ninachokiamini kuhusu aina hii nzima: cheo na uchelewaji vinategemeana. Cheo kikiwa kizuizi cha kweli, chenye gharama, upolepole unanoga. Cheo kikiwa pambo, upolepole unageuka kujaza kurasa.

Fikiria posa ya kwetu. Barua imepelekwa, mshenga anakwenda na kurudi, jibu halijatoka. Kama linachelewa kwa sababu mjomba mkubwa yuko safarini na hakuna wa kukata neno la mahari bila yeye, kila mtu anaelewa, na kila safari ya mshenga ina habari mpya. Kama linachelewa kwa sababu mshenga amenogewa na pilau la nyumba zote mbili, ukoo utamgundua kabla ya safari ya nne. Wasomaji nao wanagundua.

Maduke walikotoka

Utaona kwamba Darcy si duke. Hana cheo chochote. Ni Bwana tu, mwenye ardhi nyingi. Maduke walijazana baadaye. Georgette Heyer, Mwingereza aliyetoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1921, alikichukua kipindi cha 1811 hadi 1820, ambapo mwana wa mfalme alitawala badala ya baba yake aliyeugua, akakifanya jukwaa la kudumu la hadithi za mapenzi: magari ya farasi, madansi, glavu, barua zilizofungwa kwa lakiri. Waliomfuata wakapandisha vyeo. Hata leo, ukiacha wa familia ya kifalme, maduke wa Uingereza hawafiki 30, na hakuna enzi ambayo nchi hiyo ilijaa maduke vijana, wazuri wa sura, wasio na wake.

Fantasia iliongeza uhuru. Mwandishi wa ulimwengu wa kubuni hafungwi na sheria za Uingereza: anaweza kumfanya mwanamke mkuu wa ukoo, akachukua mavazi ya karne ya 19, adabu za ikulu ya Ufaransa na panga za zama za kati, akavichanganya vyote. Ndiyo maana anayesoma riwaya hizi akidhani anajifunza historia atapotea. Hazikuandikwa kwa kazi hiyo.

Asia ya Mashariki nayo ikaleta yake, na nadhani vijana wengi wa kwetu waliijua aina hii kupitia huko, kwenye simu, kwa vibonzo vya Kikorea, kabla hawajawahi kushika riwaya ya Kiingereza. Japani ilikuwa na tovuti ambazo mtu yeyote huweka hadithi yake, na kubwa kati yake, Shōsetsuka ni Narō, ilifunguliwa mwaka 2004. Huko likashamiri wazo la msichana wa leo anayeamka akiwa ndani ya mwili wa binti mbaya wa hadithi, yule anayejulikana kwamba atauawa mwishoni. Wakorea wakalipokea wazo hilo na kulijengea ulimwengu mzima wa makasri, ndoa za mkataba, na yule duke mkuu wa kaskazini, mtu wa baridi na upanga, ambaye sasa ni mhusika anayetambulika kama Abunuwasi anavyotambulika kwetu. Naye yule msichana aliyeamka ndani ya hadithi ana kazi maalumu: kwa kuwa anajua mwisho wake, anaogopa kupenda, na hofu hiyo inaupa upolepole sababu ya hakika. Hapo kuna ubunifu mkubwa, na wanaouita upuuzi wa watoto hawajausoma kwa makini.

Basi kwa nini upolepole unamnasa msomaji wa Mwanza? Kwa sababu mahali ambapo karibu kila kitu kimekatazwa, kitu kidogo kinakuwa kikubwa. Katika hadithi ya leo wawili wana simu. Wakigombana saa mbili, saa tatu wametumiana ujumbe. Katika ukumbi wa kabaila, msichana hawezi kukaa peke yake na mwanamume, haitwi kwa jina lake la kwanza, na akicheza na mtu mmoja mara nyingi mno usiku mmoja, watu wanaanza kuhesabu. Duke anapovua glavu kumpa mkono, ametamka jambo. Msomaji anajifunza kusoma ishara hizo, na raha yenyewe iko hapo, katika kuona kabla wahusika hawajaona. Mtu wa pwani aliyelelewa akijua kwamba kanga hubeba ujumbe hahitaji kufundishwa raha hiyo. Wala mambo ya ikulu na kuchelewesha si mageni kwetu. Vizazi vimekua na Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili, hadithi za kifalme zinazoahirishwa usiku kwa usiku ili mwanamke mmoja asife.

Panapoharibika

Uharibifu wa kwanza unatoka kwenye uchawi wenyewe. Waandishi wengi hupenda wazo la wenza walioandikiwa: majaaliwa au damu imeamua kwamba hawa wawili ni wa kila mmoja, na mwili unatambua kabla ya akili. Linasisimua sana mara ya kwanza. Lakini ukilitazama vizuri, linaubomoa upolepole kutoka ndani. Elizabeth alimkataa Darcy na angeweza kumkataa milele. Ndiyo maana kumkubali kwake kuna thamani. Aliyeandikiwa hawezi kukataa. Anachelewa tu, na sisi tunachelewa pamoja naye. Wachache wameligeuza vizuri, wakamwacha mhusika aukatae mwandiko huo na kulipa gharama yake. Wengine hulitumia kama njia ya mkato, kisha wanashangaa kwa nini sura za katikati hazina uhai.

Uharibifu wa pili una madhara zaidi, nao ni yule mwanamume baridi. Hapa lazima tutenganishe mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Kuna mwanamume anayejizuia: anampenda mwanamke, anajua cheo chake kinaweza kumwangamiza, anakaa kimya ili huyo mwanamke abaki na uhuru. Ukimya huo unamgharimu yeye mwenyewe. Na kuna mwanamume anayemdhalilisha mke mbele ya watumishi, anamfungia asitoke, anamtishia, halafu sura ya sitini tunaelezwa kwamba utotoni aliumizwa, kwa hiyo yote yalikuwa mapenzi. Huyo hakuchelewa kupenda. Alikuwa anatesa, na mwandishi ametumia jeraha lake kumtoa hatiani bila kumwomba abadilike. Kumbuka Darcy: baada ya kukataliwa, alibadili matendo yake bila kuhakikishiwa kwamba atapata kitu.

Sisemi kwamba msomaji anayeburudika na duke katili atakwenda kutafuta mume katili. Watu wazima wanajua kutenganisha hadithi na nyumba zao, na kuwadhania wanawake vinginevyo ni dharau. Ninachosema ni kwamba msichana wa miaka kumi na minne bado anajenga picha ya jinsi mapenzi yanavyotambulika, na kitabu kinachomwambia kwamba kudharauliwa ni dalili ya kupendwa kinahitaji mtu mkubwa karibu wa kuzungumza naye. Mazungumzo hayo yana faida kuliko kumnyang'anya.

Uharibifu wa tatu ni jikoni. Katika riwaya nyingi za aina hii kuna magauni kumi na mbili, karamu saba, farasi wasiohesabika, na hakuna hata mkulima mmoja. Fedha inatoka wapi? Katika historia jibu lipo. Jumba la Harewood kule Yorkshire lilianza kujengwa mwaka 1759 na ukoo wa Lascelles, ambao utajiri wake ulitokana na sukari na utumwa wa visiwa vya Karibi. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, zikaenda kwa waliomiliki watu. Earl wa Harewood wa wakati huo, wa ukoo huo huo, alikuwa miongoni mwa waliolipwa. Waliokuwa watumwa hawakupata senti. Na sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Makasri ya Unguja yalisimama juu ya mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897.

Mwandishi wa fantasia hadaiwi hotuba kuhusu hayo. Lakini ulimwengu wa kabaila usio na wanaombeba kabaila ni mwepesi, na wepesi huo unarudi kuyaumiza mapenzi. Kama duke hana watu wanaomtegemea, hana anaowadai kodi, hana kijiji kitakachokufa njaa akioa vibaya, basi cheo chake hakizuii chochote, na hakuna sababu ya kumfanya asimwambie huyo binti leo hii kwamba anampenda.

Uzito wa kizuizi cha kweli Unguja inaujua kwa jina. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844. Alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akapata mimba, na mwaka 1866 akaondoka kisiwani kwa meli ya kivita ya Kiingereza. Alibatizwa Aden akaitwa Emily, wakafunga ndoa mwaka 1867, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Alidai urithi wake kwa miaka mingi na hakupewa alichokitaka. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kila kitu ambacho riwaya hizi hukiita kizuizi, yaani dini, damu, heshima ya ukoo, urithi, kaka aliye kwenye kiti cha enzi, kilikuwa katika maisha yake, na kila kimoja kilidai malipo. Riwaya ya mapenzi haina budi kumaliza kwa furaha na ina haki hiyo. Ila furaha hiyo ina ladha tu pale msomaji anapoamini kwamba mambo yangeweza kwenda kama yalivyomwendea Salme.

Mwisho kuna fedha, na hapa lawama nyingi anazobebeshwa mwandishi ni za mfumo. Hadithi ya kuuzwa vipande vipande ina sababu ya kuchelewa isiyohusiana na mapenzi. Mambo haya ni ya zamani. Charles Dickens alianza kutoa riwaya kwa matoleo ya kila mwezi mwaka 1836, na magazeti yetu ya burudani yalituzoesha "itaendelea wiki ijayo". Huko Korea jukwaa la KakaoPage lilianzisha mwaka 2014 utaratibu wa kusubiri: ukivumilia muda uliopangwa unasoma sura bure, ukikosa subira unalipa. Kwa utaratibu huo subira ya msomaji ndiyo bidhaa. Sura inayoishia duke akifungua mdomo kusema neno ina thamani kuliko sura ambayo amelisema. Matokeo yake ni zile sura za kutoelewana, ambapo sentensi moja ingemaliza kila kitu, lakini mtu anaingia chumbani na kuikatiza, mara ya tano. Simulizi za kulipia za WhatsApp, zile za tuma buku upate sehemu zilizobaki, zinafuata mkondo huo huo kwa sababu zinalipwa kwa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, fanya jaribio dogo. Chukua sura ya tatu, umwamuru mmoja wao kichwani mwako aseme "nakupenda" pale pale. Kisha jiulize nani angepoteza nini: ardhi, mtoto, ukoo, maisha, au heshima yake mwenyewe. Ukipata jibu, endelea, hata kama busu liko sura ya hamsini. Usipopata, sura za mbele hazitalileta. Na ikiwa ni mfululizo wa vipande, soma sehemu tatu au nne za bure zinazofuatana katikati ya hadithi, si za mwanzoni, kwa maana mwanzo huandikwa kwa uangalifu na kila mtu. Kama kati ya sehemu ya kwanza na ya nne hakuna mhusika aliyejua jambo ambalo hakulijua, buku lako libaki kwenye simu.